TUFUNGE MAPAA KABLA YA MASIKA

Hotuba ya Kamati ya Nyumba, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa sisi wa Kamati ya Nyumba heshima ya kusema nanyi jioni ya leo, na twaipokea heshima hiyo kwa shukrani. Mmekwisha kusikia hesabu za Bwana Mweka Hazina. Waliosikiliza kwa makini wameona kwamba katika Mfuko wa Misiba, baada ya fedha za mazishi, hakuna jambo lililokula fedha nyingi kuliko mapaa ya nyumba: mabati, mbao, misumari, ujira wa mafundi, na maturubai ya kuwasitiri watu walionyeshewa na mvua usiku. Hapana mwanachama mwema atakayezinung'unikia fedha hizo. Zilitolewa kwa huruma na ziliwafikia waliostahili. Walakini, tulipofungua vitabu vya miaka iliyopita na kuyalinganisha majina, tuliona jambo lililotutia haya. Baadhi ya majina yamerudi mara mbili, na mengine mara tatu. Nyumba ile ile, paa lile lile, msiba ule ule.

Kwa hiyo neno letu la leo ni moja, na tutalisema mapema ili asiyeweza kungoja hata mwisho aende nalo nyumbani. Chama hiki ni hodari wa kutoa pole. Twakiomba kijifunze kutoa waya na msumari kabla pole haijahitajiwa.

NYUMBA TULIYOIJENGA WENYEWE

Twaanza na kosa letu, kwa sababu mwenye kutaja makosa ya wenziwe na kuyaficha yake hastahili kusikilizwa. Si miaka mingi iliyopita, wakati wa masika, upepo uliondoa mabati ya nyumba ya mjane mmoja ambaye ni mwanachama tangu siku za uhai wa mumewe. Tulifanya kama ilivyo desturi yetu. Tulimpelekea pole, tukachanga, tukanunua mabati mapya, tukaita fundi, na kwa siku nne paa likarudi mahali pake. Tulipiga picha mbele ya nyumba ile, na picha hiyo ikachapishwa katika taarifa ya mwaka ule. Sote tulikuwa tukicheka.

Masika yaliyofuata paa liliruka tena. Safari hii halikuondoka bati moja moja. Liliinuka zima, kenchi na mabati pamoja, likavuka uchochoro, likaangukia ua wa jirani na kumvunja mguu mtoto aliyekuwa akikimbilia kuanua nguo. Asubuhi tulikwenda kutazama. Tuliyakagua mabati na kuona kwamba misumari yake yote imo. Hapana hata bati moja lililolegea. Kisha tukainua macho juu ya ukuta. Pale tukaona matundu machache tu ya misumari iliyochomoka kwa urahisi, kama mtu achomoavyo mwiba.

Hapo ndipo tulipofahamu. Bati lilikuwa limeushika ubao, lakini ubao haukuwa umeushika ukuta. Fundi hakuiba kitu wala hakufanya uvivu. Alijenga kama alivyojenga siku zote, nasi tulimlipa tukamshukuru. Hakuna miongoni mwetu aliyemwuliza paa limefungwa na nini, kwa kuwa hatukujua kwamba hilo ndilo swali la kuulizwa.

Mtoto yule amepona na sasa anacheza na wenziwe, kwa rehema za Mungu. Mama yule hakutulaumu hata kwa neno moja, na kutolaumiwa kule ndiko kulikotuuma zaidi. Kisa hiki twakisema kwa idhini yake.

JINSI UPEPO UFANYAVYO KAZI

Watu wengi hudhani kwamba upepo huisukuma nyumba tu kama mtu asukumavyo mkokoteni. Kuta huzisukuma kweli, lakini paa hulivuta. Mabaharia waliomo humu hawataona ajabu. Jahazi lendalo joshi halisukumwi kutoka nyuma. Tanga lake huvutwa na upepo upitao upande wa nje. Paa nalo ni kama tanga lililolazwa. Upepo upitao juu yake hulivuta kwenda juu. Ukipata mlango au dirisha lililo wazi upande utokako, huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini. Basi paa huvutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja, na mahali panapovutwa kwa ukali zaidi ni kwenye kingo: pembe za nyumba, ncha za upenu na mgongo wa paa.

Nguvu hizo si ndogo. Upepo wa kilomita 50 kwa saa huja na nguvu ya kadiri ya kilo 12 kwa kila mita moja ya mraba. Ukifika kilomita 100 kwa saa, nguvu hiyo haiwi 24 bali kama 48, kwa maana mwendo ukizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Na bati jembamba tulinunualo, pamoja na kung'aa kwake, uzito wake haufiki kilo 5 kwa mita moja ya mraba. Ni dhahiri basi kwamba paa la mabati haliketi mahali pake kwa uzito wake. Huketi kwa kufungwa.

Hesabu hiyo yatuonyesha pia ubatili wa desturi moja iliyoenea sana mitaani mwetu, yaani kuweka mawe, matairi na magogo juu ya mabati. Jiwe la kilo 10 haliwezi kulizuia bati linalovutwa kwa nguvu ya kilo 40. Litaangushwa pamoja nalo, na lianguapo halichagui kichwa. Mwenye jiwe juu ya paa lake hajajikinga na dhoruba, ameiongezea silaha.

WAZEE WALIFUNGA

Tulipokwisha kuyafahamu hayo tuliwaendea mafundi wakongwe wa nyumba za makuti, tukawauliza mapaa ya zamani yalishikwa na nini. Walitujibu kwa neno moja: yalifungwa. Nguzo ilichimbiwa chini. Juu ya nguzo kililazwa kile kiitwacho mwamba, nao ukafungwa kwa kamba. Makombamoyo yalifungwa juu ya mwamba, pao juu ya makombamoyo, na makuti juu ya pao. Tangu ardhini hata mgongo wa paa hapakuwa mahali ambapo mti ulikaa juu ya mti bila kufungwa. Kamba ya makumbi haichomoki. Haina budi kukatika. Lakini msumari uliopigwa wima, upepo ukiuvuta juu, hurudi kwa njia ile ile ulioingilia.

Paa lile la kale lilikuwa na mambo mengine ya akili. Lilisimama wima kiasi, kwa sababu makuti yakilazwa sana huvuja. Lilikuwa na kipaa cha mbele, kipaa cha nyuma na visusi vya kando, hata upepo kutoka upande wowote ukakuta mteremko badala ya ukuta mkavu. Na makuti yenyewe hupumua. Upepo hupenya na kupunguza nguvu yake.

Sisi tulipoyaacha makuti na kushika mabati tulifanya busara, maana bati halishiki moto upesi na halitaki kubadilishwa kila miaka michache. Lakini tuliacha mengi pamoja na makuti. Ili kupunguza idadi ya mabati tulilaza paa hata likawa karibu sawa na sakafu, na paa lililolazwa hivyo ndilo livutwalo zaidi. Tukaondoa visusi. Tukaitupa kamba, na mahali pake tukapiga msumari mmoja au miwili. Hatusemi turudi kwenye makuti. Twasema turudie kufunga.

YAPASAYO KUFANYWA KWENYE PAA

Mambo haya tumeyapima pamoja na mafundi watatu wa Chama, na yote yawezekana kwa mkono wa fundi wa kawaida.

Kwanza, kila kenchi ifungwe kwenye mwamba kwa utepe wa chuma au kwa waya mnene uliozungushwa mara mbili na kukazwa, na mwamba nao ufungwe ukutani. Katika ukuta wa mawe au matofali, utepe huo ushuke na kujengewa ndani ya ukuta safu kadhaa chini, ili upepo utakapo kulibeba paa ulazimike kuubeba na ukuta. Katika nyumba ya miti na udongo, ufungwe kwenye nguzo zenyewe, wala si kwenye fito.

Pili, misumari ya mabati ipigwe juu ya mgongo wa mkunjo wa bati, si bondeni mahali ambapo maji hupita. Kwenye kingo, pembe na mgongo wa paa, misumari iwe karibu karibu kuliko katikati, kwa sababu huko ndiko upepo uanzako kazi yake. Bati moja likiinuka ukingoni, mengine hufuata kama kurasa za kitabu.

Tatu, mwenye kujenga upya alipe paa mteremko wa nyuzi 30 hivi. Kwa lugha ya fundi, kwa kila futi 10 kutoka ukutani kwenda katikati ya nyumba, paa lipande futi karibu 6. Na mwenye uwezo alirudishie paa lake pande nne.

Nne, paa la baraza litengwe na paa kubwa. Baraza ni mahali pa wageni na mazungumzo, wala hatutaki liondolewe. Lakini paa lake lililo wazi chini hukamata upepo kama kikapu. Likiwa limeungana na paa kubwa, likiruka litakwenda nalo. Likijengwa peke yake, likiruka litakwenda peke yake, na watu watabaki wamesitirika.

Tano, mnunuzi ajue kwamba katika mabati namba ya geji ikizidi, bati huwa jembamba zaidi. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, na kichwa cha msumari hulipasua upesi. Tumewaona wanachama waliodhani wamenunua lililo bora kwa sababu namba yake ni kubwa.

Mwisho, dhoruba ikija, milango na madirisha ya upande wa upepo yafungwe. Hilo halina gharama hata ya senti moja.

UKUTA, MSINGI NA NJIA YA MAJI

Upepo hula nyumba kutoka juu, na maji huila kutoka chini. Ukuta wa udongo ukiwa mkavu ni imara na wa baridi, lakini ukinywa maji chini hupoteza nguvu zake, ukavimba, kisha ukaporomoka usiku watu wamelala. Nguzo nayo huoza pale pale inapoingia ardhini, mahali ambapo jicho halioni. Kwa hiyo ukuta wa udongo wataka viatu na kofia. Viatu vyake ni msingi wa mawe ulioinuka walau futi moja juu ya ardhi. Kofia yake ni upenu wa kuuepusha na mvua. Na kwa kuwa upenu mrefu hukamata upepo, usirefushwe kupita haja, na ncha zake zifungwe kuliko mahali pengine pote.

Lakini msingi hautoshi ikiwa maji hayana njia. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji ya mvua yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli, ambalo njia yake ya maji ilizibwa na takataka, yalivunja na kushuka usiku juu ya watu waliolala, na zaidi ya watu 40 wakafa. Katika masika yale ya 2024 watu zaidi ya 200 walipoteza maisha nchini Kenya. Tangu zamani mvua kubwa zimekuja na zitakuja tena: zilikuja mwaka 1961, zikaja mwaka 1997 na 1998, zikaja vuli ya 2023 na kuijaza maji mitaa ya Mombasa. Maji hayana uadui na mtu. Hutafuta njia yaliyoizoea. Tukijenga choo, kibanda au ukuta juu ya njia hiyo, au tukiifanya jaa, maji yatapita ndani ya nyumba zetu. Mwenye kutupa taka mferejini ameitupa sebuleni mwa jirani yake.

Hata nyumba za ghorofa hazisalimiki. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka, na watu wasiopungua 49 wakafa. Wengi wao walikuwa wapangaji.

WASEMAO KWAMBA TUFANI HAZIFIKI KWETU

Tumeambiwa na wengine kwamba Mombasa haina tufani, na ya kuwa twawatisha watu bure. Ni kweli kwamba tufani kubwa za Bahari ya Hindi hutokea kwa shida karibu na ikweta, kwa sababu huko mzunguko wa dunia hauupi upepo nguvu ya kujizungusha. Nasi tuko kadiri ya nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Lakini Unguja iko nyuzi 6, na Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikavunja meli za Sultan Barghash na kung'oa minazi na mikarafuu isiyo na hesabu. Aprili 1952 nyingine iliupiga mji wa Lindi. Na Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Nyumba za waliopigwa hazikuwa dhaifu kwa kuwa wajenzi walikuwa wajinga. Zilikuwa dhaifu kwa kuwa kila mtu alidhani jambo hilo ni la pwani za wengine.

Tena, paa la mjane wetu halikuchukuliwa na tufani. Lilichukuliwa na upepo wa mvua moja ya mchana, wa dakika zisizofika 20, ambao gazeti halikuutaja. Hatuhitaji tufani ili tuwe maskini.

Wengine walituambia kwamba msiba ni amri ya Mungu, na mwanadamu hana la kufanya. Twaiheshimu imani hiyo, na sisi pia ni watu wa imani. Lakini nahodha humwomba Mungu na kamba za tanga huzikagua. Hatujamsikia mtu akisema kwamba kuzikagua kwake ni ukosefu wa imani.

MWENYE NYUMBA, MWENYE ARDHI NA MPANGAJI

Sasa twafika kwenye jambo zito, na ndilo lililotusumbua kuliko yote. Wanachama wengi wana nyumba lakini hawana ardhi. Hali hiyo ya nyumba bila ardhi ni ya kale hapa Mombasa: kiwanja ni cha mmoja, na nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine anayelipa kodi ya ardhi. Mtu wa namna hii akiambiwa ajenge msingi wa mawe na ukuta wa simiti, huuliza swali la haki: "Nikifukuzwa kesho, nitaubeba msingi?" Kwa kuogopa hayo hujenga kidogo kidogo kwa vitu hafifu, na dhoruba ikija huwa wa kwanza kupotewa.

Hatuna uwezo wa kulimaliza jambo la ardhi kwa hotuba hii. Lakini tumeona kwamba karibu yote tuliyoyataja kuhusu paa hayaufungi mkono wa mtu kwenye kiwanja. Utepe wa chuma, waya, misumari na mabati mazuri, mtu akihama huhama navyo. Kwa hiyo asiye na ardhi asiseme kwamba mashauri haya ni ya wenye hati. Yeye ndiye yanayemfaa zaidi.

Na mpangaji je? Mpangaji hana ruhusa ya kupanda juu ya paa la mwenye nyumba, na mwenye nyumba halali chini ya paa hilo. Twawasihi wanachama walio na nyumba za kupangisha wakumbuke kwamba kodi wanayopokea ni bei ya usalama kama ilivyo bei ya chumba. Nchi yetu ina sheria. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilitumika kwa zaidi ya nusu karne, na sasa tunazo Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025. Lakini mkaguzi wa serikali hafiki kila uchochoro, na upepo hufika. Ukaguzi wa jirani kwa jirani ndio utakaofika nao.

TUNAYOYAOMBA

Kabla ya kuja kwenu na ombi lolote tulianza na jengo hili tulimoketi. Mwezi uliopita mafundi walipanda juu ya dari, na walipoteremka walituambia ya kwamba, kati ya kenchi zote za ukumbi huu, hakuna hata moja iliyofungwa ukutani. Miaka yote hii tumekutana hapa kuzungumza juu ya maslahi ya watu, na wakati wa mafuriko tumewalaza watoto humu, chini ya paa lililoshikwa na misumari na bahati. Sasa limefungwa. Mwanachama apendaye aweza kupanda ngazi baada ya mkutano akajionee mwenyewe, na twawasihi mafundi vijana wapande ili wajifunze.

Bwana Mwenyekiti, tunayoyaomba mkutano huu uyakubali ni manne.

La kwanza, theluthi moja ya Mfuko wa Misiba itengwe kila mwaka kwa kazi ya kufunga mapaa na kuinua misingi, ianze na nyumba za wajane, wazee na walio wagonjwa. Twajua kwamba baadhi yenu mnahofu, nanyi mna haki. Mtasema: mwaka ukija na misiba mingi, fedha za mazishi zitatoka wapi? Tumelizungumza jambo hili siku nyingi, na hatukukubaliana upesi. Jibu letu ni kwamba fedha za mazishi zisiguswe kabisa. Theluthi hiyo itolewe katika fungu lililokuwa likinunua mabati baada ya dhoruba. Huenda katika mwaka wa kwanza atatokea mtu atakayepotewa na paa na tusiweze kumpa mabati yote kama tulivyozoea. Hatutaki kuwaficha hilo. Lakini kwa hesabu ya mafundi wetu, waya na utepe wa kuifunga nyumba ya vyumba sita haufiki gharama ya mabati ya kipaa kimoja. Tukiendelea kama zamani, tutazidi kuyaandika majina yale yale.

La pili, ziwekwe siku mbili za ukaguzi kila mwaka: moja kabla ya masika, katika mwezi wa Februari, na moja kabla ya vuli, katika mwezi wa Septemba. Siku hizo wanachama wa kila mtaa wapite nyumba kwa nyumba pamoja na fundi, wazibue mifereji, wapunguze matawi ya miembe yaliyoegemea mapaa, na waandike kila kenchi isiyofungwa.

La tatu, fundi yeyote atakayelipwa kwa fedha za Chama aonyeshe vifungo vyake kabla mabati hayajawekwa, maana mabati yakisha wekwa hapana aonaye kitu. Mwanachama mmoja asiyekuwa jamaa yake apande, atazame, atie sahihi.

La nne, Chama kinunue ngazi mbili, nyundo, koleo na marundo ya waya na utepe wa chuma, vikae katika ghala letu, na mwanachama yeyote aviazime bila malipo. Ni aibu paa la mtu kuruka kwa kukosa ngazi ya siku moja.

Hatudai kwamba nyumba iliyofungwa haitaanguka kamwe. Upo upepo ambao mti wala jiwe haviuwezi, na tarehe 6 Januari 1928 huko Subukia ardhi yenyewe ya Kenya ilitetemeka kwa tetemeko kubwa. Lakini nyumba ambayo paa lake limeshikana na ukuta, na ukuta umeshikana na msingi, hata ikishindwa hukawia kuanguka, na katika kukawia huko mama hupata nafasi ya kumtoa mtoto. Hiyo peke yake yatosha kuwa sababu.

Wazee wetu husema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Chama hiki kimejenga kuta nyingi, na picha zake zimejaa katika taarifa zetu. Kamati yenu yatumaini kwamba katika taarifa ya mwaka ujao kutakuwa na picha chache za mapaa mapya, na orodha ndefu ya mapaa ya zamani yaliyobaki mahali pake. Orodha hiyo haitapendeza macho kama picha. Lakini mjane wetu tumemwonyesha ombi hili kabla ya kulileta kwenu, naye alituuliza jambo moja tu: "Mtaanza lini?" Bwana Mwenyekiti, swali hilo twaliacha mikononi mwa mkutano huu.